Pop'n TwinBee: kengele zitakuua kabla ya maadui

Wadau magemu ya ndege nimecheza mengi, yale skrini inashuka kutoka juu na wewe uko chini unamimina risasi, na mengi ukweli yanafanana tu, anga jeusi, vyuma, milipuko, basi. Sasa hili Pop'n TwinBee la Konami, kampuni ya Kijapani, ni kitu kingine kabisa. Lilitoka 1993 kwenye Super Famicom (ndo Super Nintendo kwa jina la Japani), Ulaya likafika, Marekani kwa Super Nintendo hawakulipata, wakaja kuliona 2020 lilipowekwa kwenye Nintendo Switch Online, ile huduma ya kulipia ya mashine ya Switch, na mimi pia nimelikuta hukohuko kwenye Switch.

Ndege yako ina mikono na miguu jamani. Ya bluu ndo TwinBee, ya pinki WinBee, unapita juu ya mawingu na mashamba yenye rangi za pipi, muziki wa kuchangamka muda wote. Stori sijui nani anaifuatilia, kuna mwanasayansi mzee karukwa na akili, mjukuu wake anaomba msaada, haya twende.

Kilichonishika ni kengele. Ukipiga wingu inadondoka kengele ya njano, ukiidaka unapata pointi, ukidaka inayofuata bila kuangusha hata moja pointi zinapanda, zinapanda mpaka 10,000 kwa kila kengele, ila ukiiacha moja tu ikapita chini ya skrini unaanza upya kabisa. Halafu ukiendelea kuipiga risasi hiyo kengele inaruka juu na baadae inabadilika rangi, bluu ni spidi, kijani unapata vivuli vyako vinavyokufuata na kupiga risasi pamoja nawe, ipo na ya kukupa ngao, ila ukizidisha risasi moja tu imerudi njano na umekosa ulichokuwa unakitaka. Kwa hiyo kila sekunde una kazi mbili, macho yako yanatakiwa yawe kwa maadui lakini wewe unaangalia kengele tatu zinazodunda hewani kila moja na hesabu zake, na hapo ndo unagongwa. Mimi maadui hawaniui, naliwa na tamaa mbele mauti nyuma, naona kengele iko pembeni kabisa na kuna risasi mbili katikati, najua kabisa siwezi, na bado naenda.

Afadhali hapa kuna mstari wa nguvu, ukigongwa unapungua kidogo kidogo. TwinBee ya kwanza ya 1985 haikuwa na huruma hiyo, ile wakikuvunja mikono huwezi tena kudondosha mabomu chini mpaka lije gari la wagonjwa kukutengeneza (gari la wagonjwa angani, ndio, Wajapani hawa). Hii imelegezwa, na ukibanwa sana unatoa vindege vidogo vinasambaa skrini nzima kukusafishia njia, ila navyo ni vya kuhesabu, usivimalize njiani halafu ufike kwa bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua, mikono mitupu.

Ila ushauri wangu usilicheze peke yako. Peke yako ni zuri tu, wawili ndo utalielewa. Nimecheza na mdogo wangu wa kike ambaye gemu kwake ni zile za kwenye simu za kupanga matunda, na kuna mpangilio mmoja mle wa wachezaji wawili ambapo maadui wanamwandama zaidi mchezaji wa kwanza, yaani anayejua anabeba msala na mgeni anapata nafasi ya kupumua. Magemu ya siku hizi yenye mabilioni ya pesa mangapi yamewaza hicho kitu? Pia mnaweza kugawiana nguvu, mwenzio akikaribia kufa unamwongezea ya kwako. Sasa kwenye kengele ndo mnagombana, maana wewe unaipiga ili iwe kijani, yeye anaipiga kwa sababu ameiona, inarudi njano, kelele.

Lawama zangu. Spidi ukidaka za bluu nyingi ndege inateleza mpaka huiwezi, mbili zinatosha kabisa. Na ile ya Switch ya kurudisha gemu nyuma ukikosea, usiiguse, kwa sababu ukishaanza kurudisha kila kengele iliyokuponyoka hakuna tena cha kukupandisha presha na gemu lenyewe ni fupi, jioni moja tu mmelimaliza. Likiwa rahisi ongeza ugumu kwenye mipangilio.

Halafu wawili mkicheza, mmoja anaweza kumkamata mwenzie akamrusha kwa maadui kama silaha. Mdogo wangu aligundua mwenyewe hilo, sikumwambia na nisingemwambia, na toka siku hiyo mimi ndo silaha.