Pete ya uchumba: mshiko upi wa jiwe utadumu kidoleni?

Wengi wakifika kwa sonara, Kariakoo au kule katikati ya mji, huuliza mawili: jiwe gani, na bei gani. La tatu, jiwe limeshikwaje, hukumbukwa siku kito kimedondoka na kwenda na maji ya sinki. Mshiko tunaouzungumzia hapa si ule wa mfukoni. Ni dhahabu inayolibana jiwe lisitoke. Tumeipanga mitindo kwa kigezo kimoja tu: mkono unaofua, unaokanda unga na kushika bomba la daladala kila siku. Anayetaka pete ya kuvaa harusini na kuirudisha kabatini anaweza kuusoma mpangilio huu kinyume.

Kabla ya mtindo, jua ugumu wa jiwe. Kwenye kipimo cha Mohs almasi ni 10, yakuti ni 9, tanzanite iko kati ya 6 na 7. Mchanga wa kawaida umejaa kwatzi yenye ugumu wa 7, kwa hiyo hata vumbi la barabarani linaweza kuikwaruza tanzanite. Tena tanzanite ina upande ambao ikigongwa hupasuka, kama ukuni unavyopasuka kufuata uzi wake.

1. Ukingo unaozunguka jiwe

Utepe wa dhahabu umelizunguka jiwe lote na kulalia kidogo juu ya ukingo wake. Haunasi mtandio wala nywele za kusuka, na ukigonga meza, dhahabu ndiyo inayopokea pigo. Kwa tanzanite hakuna cha kushindana nao.

Kasoro ziko kwenye utengenezaji. Pitisha ukucha wa kidole chako pale dhahabu inapokutana na jiwe: ukikwama mahali, ukingo haukulazwa sawasawa, na maji ya sabuni yataingia humo. Geuza pete utazame chini. Pakiwa pamezibwa, uliza kwa nini. Jiwe lililozibwa huonekana jeusi kidogo, haliwezi kusafishwa kwa nyuma, na mtu asiye mwaminifu anaweza kuficha karatasi ya rangi humo ndani. Dai tundu wazi. Jambo jingine: ukingo ukikaa chini sana, pete ya ndoa haitalala pembeni yake bila kuacha mwanya. Mwambie fundi mapema.

2. Kucha sita, kichwa kifupi

Kucha ni vijiti vidogo vya dhahabu vinavyolibana jiwe kutoka pembeni, na kichwa ni sehemu ya pete inayolibeba. Kwa almasi, mtindo huu unakaribia kulingana na wa kwanza, na mwanga unaingia zaidi. Kucha sita zilizoliinua jiwe juu ya mkanda, yaani duara linalozunguka kidole, zilipata jina kupitia Tiffany wa New York mwaka 1886, na faida yake bado ni ileile: ukucha mmoja ukikatika, vitano vinalishikilia jiwe mpaka ufike kwa fundi. Vikiwa vinne, kupotea kimoja ni hatari ya siku hiyohiyo. Jiwe lenye ncha, kama la umbo la tone, lazima ncha yake ifunikwe na ukucha wenye umbo la V, ndipo linapomeguka.

Azima lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Kila ukucha uguse jiwe, pasipo mwanga kupenya katikati. Kwa jiwe la milimita 6.5, ambayo ni almasi ya mviringo ya karati 1 hivi, ncha ya ukucha iwe na unene wa karibu milimita 1. Tazama pia pale jiwe lilipokalia: fundi hukata pengo dogo ndani ya ukucha, na akikata zaidi ya nusu ya unene, ukucha utakatikia hapohapo. Halafu shika pete karibu na sikio, uigonge kidogo kwa kidole. Ukisikia jiwe linalia, usilipe.

Kichwa kirefu kinapendeza kwenye picha, lakini jiwe likisimama zaidi ya milimita 7 juu ya kidole, litagonga kila kitasa cha mlango.

3. Mawe matatu

Yachunguze kama namba 2. Ya pembeni mara nyingi hupewa kucha nyembamba kuliko la kati. Hesabu kila moja.

4. Duara la vijiwe

Hapa ndipo bajeti ndogo hung'aa. Jiwe la milimita 5 likizungukwa na vijiwe vya milimita 1.3 huonekana kama la milimita 7 na zaidi. Lakini kila kijiwe kinashikwa na vitone vya dhahabu vidogo kama punje ya chumvi. Unga wa chapati, losheni na hina hujaa kwa chini na mng'ao hufa. Itakubidi uisafishe kila wiki: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini, ndani ya bakuli na kamwe si juu ya sinki.

5. Vijiwe vilivyopandwa kwenye mkanda

Vikizunguka mkanda mzima, pete haiwezi kuongezwa wala kupunguzwa bila kuvivuruga. Ukiupenda mtindo huu, vipandwe nusu ya juu tu, chini ibaki dhahabu tupu ambayo fundi anaweza kuikata na kuiunga.

6. Jiwe lililobanwa na ncha mbili

Linaonekana kama linaelea, na linategemea nguvu ya mkanda peke yake. Mkanda ukipinda, kito hakipo. Kwa tanzanite tunasema hapana.

Karati ya dhahabu, ambayo ni kipimo cha usafi wake na si uzito kama karati ya jiwe, nayo huamua. Wengi tunapenda njano iliyokolea ya karati 21 au 22, yenye mhuri 875 au 916, lakini dhahabu hiyo ni laini na kucha zake hufunguka. Kwa ukingo inafaa. Kwa kucha, kichwa kiwe cha karati 18 (750) au 14 (585), hata kama mkanda ni wa 21. Sonara mzuri huviunga. Mkanda uwe na upana wa milimita 2 na unene usiopungua 1.5. Ukiwa mwembamba zaidi hupinda kuwa kama yai, na kucha hupanuka nao. Dhahabu nyeupe hupakwa rodiamu, metali nyeupe inayochuja, hivyo panga kuichovya upya mara kwa mara.

Kidole kipime jioni, kikiwa kimevimba kwa joto, na urudie siku nyingine. Ukifanya siri, mdogo wa mchumba wako akuazimie pete ambayo mchumba huvaa kidole kilekile cha mkono wa kushoto, upime kipenyo cha ndani kwa milimita.

Pete ya tanzanite ikihitaji kuungwa, jiwe litolewe kwanza: moto wa fundi unaweza kulipasua, na mashine ya kusafisha kwa mtetemo vilevile. Bwawa la kuogelea pia livuliwe pete, kwa sababu klorini hudhoofisha dhahabu iliyochanganywa, na kucha ndizo huanza kuachia. Kila miezi sita pitisha kitambaa cha wavu juu ya jiwe. Kikinasa, kuna ukucha ulioinuka.

Risiti ya EFD usiikubali ikiwa imeandikwa "pete 1" tu. Pata na karatasi ya duka yenye karati ya dhahabu, uzito wa pete kwa gramu, aina ya jiwe, uzito wake, na mtindo wa mshiko, pamoja na muda ambao sonara atakaza kucha bila malipo.