TAHADHARI: Wauza "dawa ya shimo la choo" wanaopita nyumba kwa nyumba

Wadau, salaam. Wenye nyumba na wapangaji wa hapa Dar, Kinyerezi, Segerea, Tabata na kule Mbagala, someni hii kabla ya kumfungulia mtu geti.

Kuna jamaa wanapita wawili wawili. Mmoja kavaa kizibao cha reflekta na kashika daftari, mwenzake kabeba begi mgongoni na kipande cha nondo mkononi. Wanasema wanakagua mifumo ya majitaka mtaani, na wanaongea kwa namna ambayo utadhani wametumwa na serikali ya mtaa. Ukiwabana kitambulisho, hakipo. Ukaguzi wenyewe wanasema ni bure. Biashara inaanza mfuniko ukishafunuliwa.

Mimi ni fundi bomba, na huwa naitwa wao wakishaondoka na simu zao hazipatikani tena. Naandika kwa sababu wanaoumia wengi ni kina mama wanaobaki nyumbani mchana, na wazee waliojenga kwa pensheni.

Mchezo wao unakwenda hivi. Mwenye nondo anabandua mfuniko wa zege, anarudi nyuma kidogo, anakuita: "Mama, njoo ujionee mwenyewe. Tangi limejaa mpaka juu, mvua mbili tu linafumuka." Unachungulia huku umeziba pua, na kweli maji yamesimama usawa wa bomba. Nani atabisha na kitu anachokiona kwa macho yake? Hapo umeshauziwa, kilichobaki ni bei.

Ukweli ni kwamba tangi la septiki likiwa zima linatakiwa lijae. Ni kama mtungi uliotobolewa chini kidogo ya shingo: ukimimina kikombe, kikombe kinatokea kwenye tundu, na maji ndani hayapungui. Uchafu mzito unazama chini na kuwa tope, mafuta na vitu vyepesi vinaelea juu na kufanya utando, na maji ya katikati yanatoka kwa bomba kwenda shimo la pili, lile linalopoteza maji ardhini. Ndiyo maana hata lililonyonywa juzi, baada ya wiki chache utalikuta maji yako palepale usawa wa bomba la kutokea. Cha kuogopa ni maji yakiwa yamepanda juu ya bomba hilo, maana yake shimo la pili limekataa kunywa. Au yakiwa chini yake sana wakati nyumba inatumika kila siku, maana yake tangi limepasuka na linavuja. Huyo jamaa hili halisemi hata kidogo.

Sasa dawa. Niliyoikuta nyumba moja Kinyerezi ilikuwa kwenye kopo la plastiki lenye karatasi iliyochapwa dukani: "Kausha shimo, miaka 10 bila kunyonya." Jina la kiwanda halipo, namba ya toleo haipo, alama ya TBS (shirika la viwango) haipo. Ndani kulikuwa na vipande vyeupe. Nikaweka kidogo kwenye chombo cha bati chenye maji, chombo kikapata moto, na maji yakawa yanateleza kama sabuni. Kwangu mimi hiyo ni kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba, ila imeuzwa kwa bei ya dawa ya ajabu. Ikikugusa jicho, ni hospitali.

Wengine wanauza unga wa kahawia na kudai ni "bakteria wa kutoka nje". Ndugu zangu, bakteria wa kazi hiyo mnawapeleka wenyewe kila mnapokwenda chooni. Wamo humo tayari, wanafanya kazi bila hewa na bila mshahara. Wanapunguza tope, ila hawalimalizi, kwa sababu mchanga, nywele, majivu na plastiki hakuna bakteria wa kuvila. Hakuna unga utakaolifanya tangi lisihitaji kunyonywa kabisa. Na kostiki soda ikiwa nyingi inawaua hao hao bakteria waliokuwa wanakusaidia.

Ujanja ulionishangaza zaidi, na nakiri una akili, ni sharti wanalotoa baada ya kumwaga: "Msitumie maji siku mbili, dawa ifanye kazi." Familia inaoga kwa jirani, inakwenda choo cha msikitini, inavumilia. Kama maji yalikuwa yamepanda juu ya bomba, siku ya tatu ukifunua yameshuka, choo kinavuta vizuri, na pesa iliyobaki unatuma kwa furaha. Kilichofanya kazi hapo ni hizo siku mbili. Shimo la pili limepata muda wa kunywa bila kuongezewa. Ungepumzisha nyumba siku hizo bila kumwaga kitu, ungepata matokeo yale yale. Wiki moja au mbili mbele tatizo linarudi, na yeye yuko mtaa mwingine.

Tena mara nyingi linarudi likiwa baya zaidi. Wanapokoroga kwa nondo "ili dawa ichanganyike", wanapasua utando na kulivuruga tope, uchafu mzito unapita na maji mpaka shimo la pili na kuziba udongo. Tangi lililojaa tope gari linanyonya na yanaisha. Shimo lililozibwa udongo wake ni kuchimba jipya, na kwa viwanja vyetu vya Dar, utachimba wapi tena?

Dalili za kweli hazihitaji mtu wa kukufunulia mfuniko. Kwanza angalia ni wapi panasuasua. Sinki la jikoni peke yake likiwa zito, shida ni bomba lake, mara nyingi mafuta ya kupikia yaliyoganda. Ita fundi azibue, usiguse tangi. Lakini bafu, choo na sinki vyote vikianza kuvuta taratibu kwa pamoja, hapo shida iko mbele, kwenye chemba, kwenye tangi au kwenye shimo la pili. Sikiliza unapoflashi: sauti ya gubu gubu kwenye tundu la bafuni ni hewa inayokosa njia. Maji machafu yakirudi, yataanzia tundu lililo chini kuliko yote, kwa kawaida la bafuni. Nje, tazama juu ya shimo la pili wakati wa kiangazi: majani yamestawi kijani kibichi kipande hicho tu, au udongo unanata wakati hakuna mvua. Harufu ya yai bovu ikija ghafla jioni, usiipuuze.

Masika ni habari nyingine. Machi mpaka Mei, kwa walio bondeni kama Jangwani na Kigogo, ardhi yenyewe imeshiba maji, na shimo zima kabisa linaweza kugoma mpaka mvua ipungue. Hao jamaa wanalijua hilo, ndiyo maana msimu wao mkubwa ni huo.

Kama unataka uhakika, pima tope. Tafuta mti mrefu, uviringishie kitambaa cheupe cha taulo upande mmoja, uufunge vizuri. Ushushe taratibu mpaka chini kabisa kupitia mfuniko ulio karibu na bomba la kutokea, usubiri dakika chache, upandishe. Tope litaacha doa jeusi na chembe chembe kwenye kitambaa, na hapo juu utaona maji tu. Tope likiwa limebakiza inchi 12 kufika mdomo wa bomba la kutokea, au utando wa juu ukiwa umebakiza inchi 6, ita gari. Nyumba nyingi inakuwa kila baada ya miaka 3 hivi, pungufu kama wapangaji ni wengi au kama pedi na pampasi zinatupwa chooni (jambo ambalo kila mpangaji analikana). Unapopima usivute sigara wala kuwasha kibiriti, usiinamishe kichwa shimoni, na usimwache mtoto karibu. Kuingia ndani ni marufuku hata kama limekauka: gesi iliyomo humo imeua mafundi, na imewaua waliowafuata kuwaokoa.

Kwenye magari nako kuna wajanja. Wapo wanaonyonya maji ya juu tu, maana ndiyo mepesi, wanaacha tope lote chini na kukutoza tripu nzima. Mwambie akoroge huku ananyonya mpaka chini (hapo tope linakwenda kwenye gari, siyo shimo la pili), halafu mpime tena kwa mti ule ule kabla hujalipa. Muulize pia gari lilikuwa tupu lilipofika, kwa sababu boza la lita 10,000 lililokuja na nusu ya uchafu wa jirani litakunyonyea nusu. Na muulize anakwenda kumwaga wapi. Jibu linatakiwa liwe la mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti, siyo "usijali, bosi". Anayemwaga mtoni Msimbazi au kwenye mtaro usiku anaturudishia kipindupindu majumbani.

Mtu akikugongea geti na kopo, huna haja ya kugombana naye. Mwombe kitambulisho, mpigie mwenyekiti wa mtaa mbele yake, mwombe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Omba kuona usajili wa kemikali yake kwa Mkemia Mkuu wa Serikali; Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ipo tangu 2003, kwa hiyo asikwambie ni utaratibu mpya. Wengi wanakumbuka ghafla kwamba wana mteja mwingine anawasubiri.

Kama mmeshamwagiwa: usiongeze asidi ya betri wala dawa nyingine ya kuzibua juu yake, vikikutana vinachemka na kuruka. Kopo usilitupe, lipige picha pande zote na ulifunge mbali na watoto. Kama una kisima karibu na shimo, acha kunywa maji yake mpaka yapimwe. Kisha peleka kopo, ujumbe wa muamala na namba iliyopokea pesa kwa afisa afya wa kata na polisi. Namba zao wanabadilisha kila mara, lakini laini inasajiliwa kwa alama za vidole, na mtandao wa simu unajua pesa iliingia kwa nani. Walalamikaji watatu wa mtaa mmoja wakienda pamoja wanasikilizwa haraka kuliko mmoja, hivyo kama yamekukuta maeneo niliyotaja, andika hapa chini mtaa wako na mwezi waliopita, bila kuweka namba ya mtu yeyote, tujue wameelekea wapi.