Kwa Miguu Hadi Mitumba ya Karume

Anayetaka kununua mtumba katika soko la Mchikichini, ambalo wakazi wengi wa Dar es Salaam hulitaja kwa jina la Karume kwa sababu ya uwanja wa mpira ulio jirani, namshauri aache daladala na kutembea kutoka Mnazi Mmoja. Ukiuacha nyuma mnara wa Mwenge wa Uhuru na kuifuata Barabara ya Uhuru, unapita kwenye maduka ya khanga na vitenge, kisha unauvuka Mtaa wa Msimbazi, na baada ya nusu saa hivi ya mwendo wa pole utazisikia sauti za wanadi kabla hujaziona nguo zenyewe. Faida ya kutembea ni kwamba utakuwa umekwisha kuuliza bei za nguo mpya njiani, hivyo hutababaishwa na bei ya mtumba.

Nilifika Jumamosi saa mbili asubuhi, na saa hiyo ndiyo ninayoipendekeza. Belo lilikuwa likifunguliwa: kijana alikata mikanda ya plastiki kwa kisu, na nguo zilizokuwa zimeshindiliwa zikaumuka taratibu kama unga wa maandazi, zikitoa ile harufu kali ambayo kila mvaaji wa mtumba anaifahamu. Wachuuzi wanaonunua ili wakauze kwingine huwahi kuchambua, kwa hiyo anayefika adhuhuri hukuta walichokikataa wao. Shati la kitani nililolipenda nilitajiwa shilingi 12,000. Nikageuza kola, nikakagua kwapa, nikaliinua juani kutafuta matundu, na baada ya kupatana nikaondoka nalo kwa 7,000. Mshono wake ni imara kuliko wa mashati mapya niliyoyashika njiani.

Kasoro inayomgusa mnunuzi moja kwa moja ni kukosekana kwa mahali pa kujaribia. Suruali hupimwa kwa kuzungusha kiuno chake shingoni, na ncha zikikutana kisogoni muuzaji hukuhakikishia kwamba inakutosha. Kipimo hicho hakijui habari za mapaja. Niliyonunua kwa 10,000 ilikutana kisogoni vizuri kabisa, lakini nyumbani ilikwama juu kidogo ya magoti, na niliporudi wiki iliyofuata muuzaji alinijibu, kwa adabu zote, kwamba mali ikishatoka mezani haibadilishwi. Vilevile njia kati ya vibanda ni nyembamba, na anayeukumbuka moto ulioliteketeza soko hili Januari 2022 hapiti humo bila kutafuta kwa macho pa kutokea.

Kilichonifurahisha zaidi ni mafundi cherehani. Yule niliyemkabidhi shati alipunguza mikono na kubadilisha vifungo viwili nikiwa nimesimama, kwa shilingi 2,000, akatafuta vifungo vinavyofanana na vilivyobaki ndani ya kopo la maziwa alilolijaza vya kila rangi. Nilipomwonyesha ile suruali, aliipima mara moja kwa shubiri, akanitazama, akanirudishia. Sasa anaivaa mdogo wangu.