Pentium G4560 na Athlon 200GE: ipi ya kununua leo kwa kazi za stesheneri

Kwa miaka mitatu sasa duka letu la stesheneri hapa Sinza, Dar es Salaam, limekuwa likiendeshwa kwa kompyuta mbili za mezani nilizoziunganisha mwenyewe kwa vipuri vya Kariakoo, moja ikiwa na prosesa ya Intel Pentium G4560 na nyingine AMD Athlon 200GE. Zote mbili zimechapa, zimeskani na kujaza fomu za wateja wale wale kwa saa zile zile, kila moja ikiwa na RAM ya GB 8 na SSD ya GB 240, kwa hiyo ninachosema hapa nimekiona kazini. Vipuri vya umri huu bado vinapatikana mjini, na wateja wengi, hasa wanafunzi wa chuo, huniuliza wachukue ipi.

Pentium G4560 ilitoka Januari 2017. Ina viini viwili vya gigahezi 3.5, na Intel iliipa uwezo ambao kwa kompyuta za mezani ilikuwa imezoea kuuweka kwenye Core i3, prosesa zake za daraja la juu zaidi, yaani kila kiini kubeba nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja. Kwa bei ya dola 64 ilikaribia sana i3 za wakati ule zilizouzwa kwa karibu mara mbili yake, na ndiyo maana watu waliikimbilia. AMD ilijibu Septemba 2018 kwa Athlon 200GE ya dola 55, nayo ikiwa na viini viwili, nyuzi nne na gigahezi 3.2, kwa usanifu wa Zen uliotumika katika Ryzen za mwanzo, prosesa za AMD za daraja la juu zaidi. Ukisoma maelezo yake tu utadhani ni mapacha.

Katika kazi za ofisi, kwa kweli, tofauti ni ndogo mno. Mwanafunzi akileta tasnifu ya kurasa mia na kitu, yenye picha na majedwali, nikaigeuza kuwa PDF, Pentium humaliza mapema kidogo, lakini kwa muda usiotosha hata kupanga karatasi kwenye printa. Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, foleni ikafika barazani na kila mmoja akitaka nakala yake, kinachozichelewesha zote mbili ni RAM kujaa kwa kurasa za intaneti zilizofunguliwa, wala si prosesa. Mtu mwenye kompyuta ya aina hii inayotumia diski ya kizamani ya kuzunguka anunue SSD kwanza; atapata nafuu kubwa kuliko atakayoipata kwa kuhama kutoka prosesa moja kwenda nyingine kati ya hizi.

Upande wa picha ndipo Athlon inapoiacha Pentium mbali. Vega 3, sehemu ya kuchora picha iliyomo ndani yake, ina nguvu zaidi kwa wazi kuliko HD 610 ya Pentium, ingawa nayo haitoshi kwa michezo mizito ya siku hizi. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba sehemu hizo za picha hukopa RAM ya kompyuta, kwa hiyo namna RAM ilivyopangwa ina uzito. Mwanzoni Athlon yangu ilikuwa na kipande kimoja cha GB 8, na mchezo wa mpira ambao wanangu huucheza duka likishafungwa ulikuwa ukikwamakwama kila mpira ulipofika golini. Nilipokitoa na kuweka viwili vya GB 4 kila kimoja, kukwama kule kuliisha jioni ile ile, na hakuna kitu kingine nilichobadilisha. Kwa video hazitofautiani sana, kwani zote husaidia kufungua video za miundo ya VP9 na HEVC, na hakuna inayosaidia muundo mpya zaidi wa AV1. Kwa anayetaka kuchomeka kadi ya picha ya pembeni hali hugeuka: Athlon huipa kadi njia 4 tu za PCIe, yaani njia za kupitishia data kati ya kadi na prosesa, Pentium huipa 16.

Kuna pengo jingine la Pentium ambalo wengi huligundua wakiwa wameshalipa. Haina maagizo ya AVX, yaani amri za prosesa za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, na zipo programu zinazoyadai. Kijana mmoja anayesomea programu aliomba kujifunzia hifadhidata ya MongoDB kwenye mashine yangu, na kuanzia toleo la 5.0 haikubali kuwaka kwenye prosesa isiyo na AVX. Tulihamia kwenye Athlon na kazi ikaendelea.

Sasa nifike kwenye soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye ubao mama (ubao mkuu wa kompyuta), kwa maana hapa ndipo fedha ya mnunuzi inapookoka au kupotea. Pentium hukaa kwenye soketi ya LGA 1151, na ubao mama wa kizazi chake mwisho wake ni Core i7-7700K. Prosesa za kizazi cha nane zina soketi ya jina hilo hilo, lakini zinahitaji ubao mwingine, na nimewaona watu wakirudi Kariakoo na i3 mpya mkononi wasielewe kwa nini kompyuta haiwaki. Athlon hukaa kwenye AM4, soketi iliyodumu miaka mingi. Mbao nyingi za A320, zile za bei ya chini kabisa, zinaweza kupokea hata Ryzen 5 5600 baada ya kusasishwa BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta), jambo ambalo AMD ililiruhusu rasmi mwaka 2022. Anayetaka kufanya hivyo asasishe BIOS huku Athlon ikiwa bado imekaa mahali pake, na kompyuta iwe kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao unaweza kufa.

AM4 ina hatari yake pia, na nimeionja. Pini 1,331 ziko kwenye prosesa yenyewe. Mwezi Februari mmoja, joto likiwa kali, nilivuta feni ili nisafishe vumbi, na kumbe pesti, ile ya kupitisha joto kutoka kwa prosesa, ilikuwa imekauka ikashika kama gundi. Feni ilitoka na prosesa ikining'inia chini yake, pini sita zimelala. Nilizinyoosha moja moja kwa wembe na kadi ya benki, mkono ukitetemeka, na ikawaka. Tangu siku hiyo huiacha kompyuta ifanye kazi dakika kumi ili pesti ilainike, kisha naizima, naizungusha feni taratibu kushoto na kulia ndipo ninyanyue. Kwa LGA pini ziko kwenye ubao, kwa hiyo anayenunua ubao uliotumika afungue kifuniko cha soketi na kuimulika kwa tochi ya simu kabla ya kulipa. Ubao wa kwanza wa Pentium niliuziwa na pini mbili zimepinda, na muuzaji hakukubali kuupokea tena.

Kuhusu joto, Pentium imewekewa kiwango cha wati 54 na Athlon wati 35. Takwimu hizi zinahusu joto ambalo feni inapaswa kuliondoa, kwa hiyo zisisomwe kama hesabu ya uniti za LUKU. Hata hivyo, katika chumba chetu kisicho na kiyoyozi, feni ya Athlon husikika kwa nadra, ilhali ya Pentium huvuma mchana kutwa kuanzia Januari hadi Machi.

Mnunuzi wa leo ajue pia kwamba zote mbili hazimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye Pentium, nayo inachapa na kuskani vizuri. Kwa mtu anayeanza kuunganisha mashine sasa ningemshauri achukue Athlon pamoja na ubao wa A320 na vipande viwili vya RAM, kisha abadilishe prosesa fedha itakapopatikana. Mwenye Pentium tayari hana sababu ya kuitupa, ila asiiongezee fedha yoyote zaidi ya SSD na RAM, ambavyo ataweza kuvihamishia kwenye mashine nyingine, mradi RAM yenyewe iwe ya aina ya DDR4, kwani baadhi ya mbao za Pentium hii hutumia DDR3L, aina ya zamani zaidi.