Rafuni 34,900, kaunta 41,500

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asome aende zake: sukari yao ya kiwandani nunueni, mkate wao nunueni, mafuta kagueni bei mara mbili, na mkimwona supavaiza mwenye funguo shingoni, hamieni foleni nyingine. Jina la supamaketi silitaji, sitaki kuitwa mahali nikajieleze. Ni mojawapo ya haya maduka ya bei nafuu yaliyojaa Kampala siku hizi, yenye karatasi za njano kila rafu na spika mlangoni inayotangaza ofa tangu asubuhi mpaka majirani wanafunga madirisha.

Kisa ni mafuta ya kupikia, dumu la lita 5. Rafuni limebandikwa karatasi ya njano, shilingi 34,900, kwa kalamu nene, tarakimu kubwa za kusomeka bila miwani. Duka la jirani yangu dumu lile lile linazidi 40,000, kwa hiyo nikalitia kwenye troli huku nacheka peke yangu. Nikachukua na sukari, sabuni ya mche, mchele, maziwa, nikaenda kupanga foleni. Ilikuwa mwisho wa mwezi, foleni za siku hizo mnazijua wenyewe.

Keshia akalipitisha dumu kwenye mashine. 41,500.

Nikamwambia kwa upole kabisa, "Dada, hili rafuni ni 34,900." Hakuinua macho. Akasema bei anayoijua ni ya mashine. Nikamwomba atume mtu akaangalie, ni hatua chache tu kutoka pale. Akasema yeye haruhusiwi kufuta kitu, lazima supavaiza aje na kadi yake. Basi tukasubiri supavaiza. Nyuma yangu watu wakaanza kusonya. Kaka mmoja ameshika soda moja na mkate mmoja, ananitazama tangu kichwani mpaka viatuni. Ninamwelewa, lakini 6,600 ni zangu, si zake. 6,600 ni rolex mbili, zile chapati za kukunjia mayai, na chenji inabaki.

Supavaiza akaja. Hakusalimu. Katika nchi hii hata anayekuja kukudai deni anaanza na habari za nyumbani, watoto wameamkaje, mvua imenyesha huko kwenu? Huyu alisimama tu, akatazama dumu, akatazama mashine, akaniita mama kwa Luganda, akasema, "Nnyabo, hiyo iliyoongezeka ni VAT."

VAT, kodi ya ongezeko la thamani! Nikatoa simu. Mimi si mhasibu, lakini asilimia 18 naijua, kila Juni bajeti ikisomwa tunaisikia redioni. 34,900 ukiiongezea asilimia 18 inakuwa 41,182. Haiwi 41,500, kuna 318 zimezidi. Hata uongo wenyewe walishindwa kuupigia hesabu. Nikamwonyesha simu. Nikamuuliza tena, kama ni VAT, mbona sabuni imepita kwa bei ile ile ya rafuni? Sabuni imesamehewa? Serikali imeyakasirikia mafuta peke yake?

Akageuza. "Karatasi ile ni ya wiki iliyopita." Angalieni hapo: dakika moja haijaisha, dumu moja lina sababu mbili, na zote mbili haziwezi kuwa kweli. Nikamwambia basi ibandueni, maana inamwambia kila anayepita 34,900. Hapo ndipo aliposema neno ambalo limenifanya niandike haya yote. Akapaza sauti, akaisemea foleni nzima badala ya kunisemea mimi: "Nnyabo, kama bei inakushinda, genda Kalerwe." Yaani, nenda kanunue soko la Kalerwe.

Watu wakacheka. Yule wa soda na mkate alicheka kuliko wote.

Asili yangu ni Arua, kaskazini-magharibi. Nikikasirika, Luganda kinakimbia, Kiingereza kinakimbia, ninabaki na Kiswahili. Nilimweleza yule supavaiza mambo kwa Kiswahili mpaka kaunta zote zikasimama. Na mlinzi wa mlangoni, badala ya kuja kusikiliza, akapiga saluti, akasema, "Afande amekasirika!" Kicheko tena. Hili nalo tumelizoea, ukisema Kiswahili mjini Kampala kuna mtu lazima akuone umetoka kambi ya jeshi. Kimekuwa kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini kaunta ya supamaketi habari hiyo bado haijawafikia.

Niliwaambia waondoe dumu, nilipie vilivyobaki. Likaondolewa, kadi ya supavaiza ikapita, jumla ikatoka. Chenji yangu ilikuwa 300. Keshia akafungua droo, akachungulia, akaifunga, akaniwekea pipi tatu juu ya risiti.

Nataka mtu anieleze. Nimetoka kubishana na supavaiza juu ya 318 ambazo hesabu yake mwenyewe haikuweza kuzitaja zimetoka wapi, halafu 300 zangu halisi, pesa ya Benki Kuu ya Uganda, zinageuka pipi za maziwa mbele ya macho yangu. Sarafu za 100 zipo, za 200 zipo. Kondakta wa taksi, basi dogo la kwenda Gayaza, anazo mfuko mzima, anazitikisa njia nzima. Wenye supamaketi yenye kaunta sita hawana? Na bei zao karibu zote zinaishia 900, kwa hiyo ule uhaba wa sarafu wameupanga wenyewe. Ukijumlisha 100 ya kila mteja anayetoka na pipi kwa siku nzima, nadhani hapo ndipo ofa ya sukari inapolipwa.

Mlangoni mlinzi akachukua risiti, akaichora kalamu, akatia mkono kwenye mfuko wangu akihesabu kitu kimoja kimoja. Walinzi wa mlangoni wanakagua kwamba mteja hakuiba. Wa kukagua kwamba mteja hakuibiwa sijamwona.

Sasa nitulie niseme ukweli wote, maana hasira zisinifanye niwe kama wao. Duka hili nililipenda. Sisi wa Kampala tumeshazika supamaketi nyingi: Uchumi walifunga 2015, Nakumatt wakafuata 2017, na wao rafu zilikuwa tupu kabla ya milango kufungwa, Shoprite wakaaga 2021 na Carrefour wakaingia kwenye maduka yao. Baada ya hapo maduka ya wenyeji ndiyo yaliyotufuata mitaani, karibu na kituo cha taksi, bila ngazi za umeme, bila muziki. Boksi limekatwa kwa kisu tu, bidhaa zimo humo humo, jichukulie. Nilisema haya, hawa wanajua sisi ni nani. Mpaka leo nasema wazo lao ni zuri.

Na si kila kitu ni mtego. Sukari iliyofungwa kiwandani, ya Kakira au Kinyara, ukiipata kwao ina nafuu ya kweli, Kikuubo pekee, kule kwenye maduka ya jumla katikati ya mji, ndiko utapata chini ya hapo, na Kikuubo ununue kwa katoni au kwa gunia mgawane na majirani. Lakini msichukue ile waliyoifunga wenyewe kwenye kaveera nyeupe, mfuko wa nailoni. Yangu niliipeleka kwa jirani mwenye mizani, kilo haikufika. Haikupungua sana, vijiko kadhaa vya chai, lakini mtu akipunguza vijiko kwenye sukari utamwamini kwenye nini?

Wanachofanya hakihitaji shule. Sukari, mafuta, unga wa posho (wa mahindi), vitu ambavyo kila mama anajua bei yake usingizini, wanavishusha mpaka karibu na hasara. Ukishaingia, hela yao wanairudisha kwenye vitu ambavyo bei yake huikumbuki: nepi, karatasi za chooni, biskuti za watoto, dawa ya meno. Nimelinganisha nepi zao na za duka la chini ya nyumba yangu, wao ndio ghali. Nisingewalaumu kwa hilo, ni biashara, mradi bei niliyoiona ndiyo niliyolipa.

Mchele wao ni hadithi nyingine. Umeandikwa super, ile ya Tanzania tunayoipenda, lakini ukiumimina kwenye ungo unaona punje nzima chache na vipande vingi. Ukiupika unashikana. Kwa uji wa mtoto sawa, kwa pilau ya wageni utaaibika. Maharage ya nambale niliyowahi kuchukua pale yalichemka mkaa ukaisha, yako vile vile, yalikuwa ya zamani.

Friji ziangalieni kwa makini zaidi. Mtindi ukiwa na karatasi ya njano, geuza kopo utazame tarehe, mara nyingi umebakiza siku mbili au tatu, na hilo si kosa, ndiyo maana ni rahisi, ukiwa na watoto wengi unaisha jioni hiyo hiyo. Kuku wa friza ndiye simgusi. Ndani ya mfuko wake kuna barafu imejikusanya pembeni, mabonge, na ngozi imekauka madoa meupe. Kuku wa namna hiyo kwangu huenda ameshayeyuka umeme ukikatika akagandishwa tena. Wakikuambia barafu ni ya kawaida, muulize kwa nini kuku wa juu hana na wa chini anaogelea.

Mkate, nakubali, mkate wao sina la kusema. Wanauoka nyuma ya duka, saa kumi za jioni unatoka wa moto, na ukiukata hausambaratiki. Bei ni ya chini kuliko ya mikate ya kiwandani na unashiba. Watoto wangu hawali mwingine. Hapo ndipo wanaponishika, kwa kweli.

Sasa turudi kwa supavaiza, maana bado sijammaliza. Aliniambia genda Kalerwe, akidhani amenitukana. Kalerwe naenda, tena mapema. Nani mwenye akili ananunua nyanya za supamaketi, zimefungwa nailoni zinatoa jasho, wakati Kalerwe zimepangwa mafungu unazibonyeza kwa kidole? Maharage unayatafuna kabla ya kulipa. Mkungu wa matooke unausimamia mwenyewe unapopakiwa kwenye bodaboda. Ndiyo, kuna tope, mvua ikinyesha maji yanajaa mpaka wauzaji wanapandisha magunia juu ya meza, na ukivaa viatu vizuri ni shauri lako. Lakini mama wa Kalerwe akisema 5,000 kwa fungu, tunapatana, ninalipa 4,000, na mkono wake unarudi unaniwekea nyongeza, nyanya mbili tatu juu. Wa supamaketi alinipa pipi, akachukua 300. Na mama wa Kalerwe ananiita kasitoma wange, mteja wangu, ananiuliza mbona nimepotea. Hajawahi kuniambia niende kwingine.

Niliandika malalamiko kwenye daftari lao la wateja lililofungwa kwa kamba kaunta ya mbele. Kalamu haikuwepo, nikatumia yangu. Hakuna aliyepiga simu. Siku chache baadaye nilimtuma kijana wangu mkate, nikamwambia apite kwenye rafu ya mafuta achungulie. Karatasi bado ipo, 34,900. Kwa hiyo ile ya "wiki iliyopita" ilikuwa na wiki nyingine ndani yake. Nilimwambia aipige picha, na kama na ninyi mnanunua huko, pigeni picha rafu kabla ya kwenda kaunta, hasa zile karatasi za njano. Picha wanaiogopa. Kijana alipoinua simu, mlinzi alimwambia hairuhusiwi.

Nyota ninazowapa sasa. Nilipoanza kuandika nilikuwa na tatu kichwani: bei moja, mkate moja, ukaribu na nyumbani moja. Nilipofika kwenye pipi nikaondoa ya bei, kwa sababu bei isiyofika kaunta si bei. Ya ukaribu nimeiondoa sasa hivi, duka limejengwa pale na mwenye kiwanja, sifa yao iko wapi? Imebaki ya mkate. Kuna watu ndani mle wanaoamka usiku kukanda unga, na hao hawajanikosea chochote. Wakimhamishia supavaiza tawi lingine nitaongeza nyota ya pili. Wasipomhamisha, mkate nitaendelea kumtuma kijana, na mafuta katoni tumeshachangishana na majirani wawili, Jumamosi tunashuka Kikuubo.