Moduli ya ipaddress ya Python: tathmini ya fundi wa mtandao

Kwa muda mrefu niliichukulia anwani ya IP kama maandishi tu, yaani namba nne zenye nukta tatu katikati. Mazoea hayo yaliniumbua siku niliyopewa faili la Excel lenye anwani za vifaa vya kampuni moja yenye matawi Morogoro na Tanga, nikatakiwa kuandika skripti ya kukagua kifaa kipi kiko hewani. Aliyeandaa orodha alipenda safu zake zinyooke, kwa hiyo kila namba aliiandika kwa tarakimu tatu, na ruta ya Tanga ikasomeka 192.168.010.001. Skripti yangu iliyachukua maandishi hayo na kuyakabidhi kama yalivyo kwa amri ya ping, inayouliza kama kifaa kinajibu. Kwa desturi ya zamani ya lugha ya C, ambayo mifumo mingi ya Linux ingali inaifuata, namba inayoanza na sifuri husomwa kwa msingi wa nane; 010 ikawa 8, na ping ikaenda kubisha hodi kwenye 192.168.8.1, ambayo ilikuwa ruta ya Morogoro. Ruta hiyo ilijibu vizuri kabisa, nami nikaripoti kwamba Tanga ni shwari, ilhali wenzetu wa Tanga walikuwa wameshinda asubuhi nzima bila intaneti.

Tangu hapo hakuna anwani inayoingia katika programu yangu bila kupita kwanza kwenye moduli ya ipaddress. Moduli hii, ambayo kazi yake ni kusoma na kukagua anwani za IP, imo ndani ya lugha ya programu ya Python yenyewe tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, na chimbuko lake ni maktaba ya ipaddr iliyotoka Google, kwa hiyo hakuna cha kupakua wala kulipia, jambo ambalo mtu anayefanya kazi kwenye seva ya mteja isiyoruhusiwa kutoka nje atalithamini. Unaipa maandishi kupitia ip_address, nayo inakurudishia objekti ya IPv4Address (anwani za mtindo wa zamani) au IPv6Address (za mtindo mpya, ndefu zaidi), ambayo ndani yake ni namba moja ya biti 32 au 128. Anwani 192.168.0.1, kwa mfano, ni 3232235521. Kwa kuwa ni namba, hupangika kwa mfuatano wa kweli: ukipanga maandishi, 10.0.0.100 hutangulia 10.0.0.9, lakini ukipanga objekti, 9 inakaa mahali pake. Na ile anwani ya Tanga yenye sifuri za mbele haipokelewi kabisa. Kuanzia toleo la 3.9.5 unapata kosa la ValueError papo hapo. Yako matoleo kadhaa kabla ya hapo yaliyokuwa yakizimeza sifuri hizo kimyakimya, hivyo kwenye seva ya zamani angalia toleo kwanza.

Sehemu iliyonipendeza kuliko zote ni jinsi moduli inavyotenganisha mambo matatu ambayo sisi mafundi huyachanganya katika mazungumzo ya kila siku: anwani, mtandao, na anwani pamoja na mtandao wake. Ukiandika ip_network('192.168.10.5/24') inagoma, ikieleza kwamba anwani hiyo ina biti za kifaa ndani yake, kwa sababu mtandao wenyewe ni 192.168.10.0/24 (/24 ni idadi ya biti za mwanzo zinazotambulisha mtandao, zilizobaki ni za kifaa) na hiyo 5 ni kifaa kimoja tu ndani yake. Mwanzoni nilikereka na kuongeza strict=False ili inyamaze. Baadaye nilielewa kwamba nilichokuwa nacho mkononi si mtandao bali ni mpangilio wa kadi ya mtandao, yaani anwani pamoja na mtandao wake, na kwamba kwa hilo ipo ip_interface, inayohifadhi vyote viwili na kukupa kila kimoja ukikihitaji. Nilipopitia upya usanidi wa ruta nikiwa na tofauti hiyo kichwani, nilikuta sehemu mbili ambapo kanuni ya ukuta wa moto ilikuwa imeandikiwa kifaa kimoja wakati iliyokusudiwa ni sabneti nzima, yaani kipande kizima cha mtandao. Kuigawa /24 kuwa /26 nne, au kuziunganisha tena kwa collapse_addresses, ni kazi ya mstari mmoja.

Lawama zangu si ndogo. Ukilinganisha objekti na maandishi kwa alama ya usawa, jibu ni False bila onyo lolote, hata kama anwani ni ile ile. Moduli iliyo kali kiasi hiki kuhusu biti za kifaa ingepaswa kuwa kali hapa pia, na nilipoteza jioni nzima nikitafuta kwa nini orodha ya anwani zilizozuiwa haizuii chochote. Kadhalika, ip_address inapokea namba tupu, kwa hiyo 5 iliyoponyoka kutoka safu nyingine ya jedwali inageuka kuwa 0.0.0.5 na safari inaendelea. Tahadhari pia na is_private, sifa inayosema kama anwani ni ya ndani: anwani za 100.64.0.0/10, ambazo zimetengwa kwa ajili ya makampuni ya simu na watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, hazihesabiwi kuwa za binafsi wala za hadharani. Kama unataka kujua iwapo mteja anafikika kutoka nje, uliza is_global. Na kwenye IPv6 usithubutu kuigeuza hosts(), inayotoa anwani za vifaa moja baada ya nyingine, ya mtandao wa /64 kuwa orodha, maana ndani mna anwani zaidi ya trilioni milioni 18 na kumbukumbu ya kompyuta itaisha kabla hujanywa chai.

Waliozoea lugha ya Java wataona kwamba hapa hakuna utafutaji wa majina. InetAddress.getByName ikipewa jina huenda kuuliza DNS, mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani, na mstari unaoonekana mwepesi unaweza kusimama ukisubiri mtandao. Ipaddress haigusi mtandao kamwe, nami naona huo ndio mgawanyo sahihi wa kazi. Watumiaji wa lugha ya Go wana kifurushi cha netip tangu toleo la 1.18 la mwaka 2022, nayo ni nyepesi zaidi. Kwa kusoma mamilioni ya mistari ya logi, objekti za Python huchelewesha waziwazi, na kazi hiyo mimi huifanya kwa namba kamili za kawaida badala ya objekti.

Jambo moja bado nalishughulikia kwa mkono. Seva inayosikiliza IPv6 na IPv4 kwa pamoja humwona mteja wa 10.0.0.5 kama ::ffff:10.0.0.5, na kwa moduli hii hizo ni anwani mbili tofauti. Mlangoni mwa kila programu nimeweka mistari mitatu inayoangalia sifa ya ipv4_mapped na kurudisha anwani ya asili kabla ya kulinganisha chochote.