Kliniki ya kumbukumbu, Moshi: nyota nne

Mama ana miaka 74, na amekuwa mhazini wa VICOBA ya kijijini kwao tangu kikundi kianze. Mwezi wa pili hesabu zikaanza kumpiga chenga. Kisha akarudi kutoka soko la Mbuyuni na pakiti ya chumvi, ya tatu wiki hiyo. Ndugu wakasema ni uzee tu.

Nilianzia Dar, ninakokaa, kwenye hospitali moja ya binafsi, siitaji. Daktari kijana akampa penseli: "Chora saa, ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi." Mama akachora duara safi, mshale mfupi kwenye 5, mrefu kwenye 2. Kakosa! Karatasi ilitaka 11. Jamani, saa kumi na moja yetu mshale unakaa wapi? Daktari alikuwa anasoma Kiingereza na kutafsiri papo hapo. Mama aliishia darasa la nne, na hilo hakuna aliyeuliza. Tukatoka na alama 17 kati ya 30 na neno "dimenshia", yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Moshi muuguzi alianza na "Shikamoo bibi", akahamisha kiti upande wa sikio lake zima. Wanatumia IDEA, kipimo cha kumbukumbu kilichoandaliwa hapo jirani, wilayani Hai, hata asiyejua kusoma anakifanya. Leo siku gani? Mwenyekiti wa kijiji ni nani? Daraja ni nini? Taja wanyama kwa dakika moja (Mama akaanza kutaja mbuzi wake kwa majina, ikabidi azuiwe). Njiti za kiberiti alizipanga kama alivyoonyeshwa, bila kusita. Kilichomwangusha ni maneno 10 aliyosomewa mara tatu. Baadaye alikumbuka mawili.

Kwa hiyo tatizo lipo, sijidanganyi. Ila hapa hawakuishia kwenye alama. Waliniuliza kama bado anapika na kushika hela mwenyewe, wakamtoa nta masikioni, wakachukua damu kupima tezi ya shingo na vitamini B12, maana hitilafu hizo nazo huvuruga kumbukumbu, na zinatibika.

Nyota moja nimeikata kwa sababu majibu waliniambia mimi, kwenye korido, Mama akiwa amekaa hapo hapo. "Si mniambie mwenyewe?" akawauliza.

Fikeni kabla ya saa moja asubuhi, foleni ni ndefu, na mzee aje na miwani yake. Sisi tunarudi baada ya miezi sita.